Mwenye Ufunguo wa Sanduku la Umeme

Kwa miaka sita niliyopanga Onduparaka, mtaa mmoja wa Arua, sikumsikia mtu hata mmoja akimwita mwenye nyumba wetu kwa jina lake. Tulimwita Mama Ploti, kwa sababu ploti ilikuwa yake: vyumba vitano vilivyopangana mstari mmoja, baraza ndefu mbele yake, na upande wa pili wa uwanja nyumba yake mwenyewe yenye jiko la ndani. Wauza mkaa walimwita hivyo hivyo. Hata mchungaji wa kanisa lake alipokuja kumjulia hali, alisimama langoni na kuuliza kama Mama Ploti yupo.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyetembea haraka huku mikono ameifunga nyuma, kama mkubwa wa jeshi anayekagua gwaride. Mwendo huo aliutoa kambini. Marehemu mume wake alikuwa askari, naye alimfuata kambi hadi kambi kwa miaka mingi, akipika katika majiko ya jeshi. Huko ndiko alikookota Kiswahili chake, na alikitumia kama sufuria la kambini: hakijali mapambo, kinafanya kazi.

Mimi nilikuwa nimekuja Arua kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Nyumbani ni Abuku, kule Koboko, ambako tulikua tukisema Kikakwa. Kiswahili nilikisomea chuoni, pamoja na ngeli zake zote. Siku niliyofika kutafuta chumba, nilimsalimu kwa adabu na kumwambia kwamba nimekuja kuulizia chumba cha kupanga, endapo bado kipo. Alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Chumba iko," akasema. "Lakini hiyo Kiswahili yako iko na miba mingi. Mtu anaweza kukwama nayo kwa koo."

Tangu siku hiyo aliniita mwalimu, na kila nilipozungumza naye aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayechambua samaki.

Alikuwa na sheria. Hazikuandikwa popote, lakini hakuna mpangaji aliyezikosea zaidi ya mara moja. Uwanja unafagiwa kabla ya saa moja asubuhi, kwa zamu. Hakuna redio Jumapili wakati wa ibada, na hakuna redio Ijumaa mchana, kwa ajili ya mzee wa chumba cha kwanza, fundi wa baiskeli, aliyekuwa Mwislamu. Maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi mbele ya baraza. Na kubwa kuliko zote: hakuna kupika kwa umeme chumbani. Taa, simu, redio, sawa. Pasi, Jumamosi. Birika la umeme, jiko la umeme, ile koili ya kuchemshia maji ndani ya ndoo, marufuku.

Umeme wote wa ploti ulipita katika sanduku moja la bati lililopigiliwa ukutani mwisho wa baraza. Ndani yake mlikuwa na mita na breka, ile swichi nyeusi inayojiangusha yenyewe umeme ukienda kombo. Sanduku lilikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Mama Ploti kwenye kamba ya kiatu. Breka ikianguka, unavuka uwanja, unagonga mlango wake, unasubiri. Yeye hatoki hivi hivi. Anavaa buti za mpira, hata kiangazi, wakati ardhi imepasuka kwa ukavu. Anakuja na kipande cha ubao, anakiweka chini, anapanda juu yake. Anafungua kufuli, kisha anaisukuma breka juu kwa mpini wa mwiko. Hakuigusa kwa kidole hata siku moja.

Wapangaji wapya walicheka. Mimi pia nilicheka, hadi siku aliponieleza kwamba zamani, katika jiko moja la kambi, alimwona mpishi mwenzake akishika sufuria la umeme lililoharibika. "Alishika tu," alisema. "Mimi nilikuwa hapa, yeye alikuwa pale. Nilikuwa namwambia kitu kuhusu vitunguu."

Lakini mtu huyo aliyeogopa umeme kiasi hicho ndiye aliyeufahamu kuliko sisi sote. Fundi akija kufunga hata soketi moja, Mama Ploti alikuwa anavuta kigoda, anakaa nyuma yake na kuuliza. Hii waya inaenda wapi? Hii ya kijani iko ya nini? Kwa nini hii unakaza na ile hapana kaza? Mafundi wengine walichukia. Wengine walimjibu, naye aliyaweka majibu yao kichwani kwa miaka. Nilishawahi kumsikia akimweleza mzee wa baiskeli tofauti ya umeme uliozidi na umeme unaovuja, kwa mfano wa mfuko wa posho, yaani unga wa mahindi, uliojaa kupita kiasi na mfuko uliotoboka, na mpaka leo sijapata mfano bora zaidi wa kuwapa wanafunzi.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alichukia kelele, mtoto akilia zaidi ya dakika tano alitoka kuuliza kama anaumwa au anafundishwa kuimba. Lakini timu ya mtaa ikicheza, alifunga nyumba mapema, akajitanda leso ya rangi ya timu, akaenda uwanjani kwa miguu, na aliporudi hakuwa na sauti hata kidogo. Siku inayofuata mechi, amri zote za ploti zilitolewa kwa vidole. Kidole kimoja kuelekea ufagio, vidole viwili kuelekea ndoo. Tulimwelewa vizuri.

Halafu ulikuwepo ukali wake, ambao ulikuwa na mlango wa nyuma. Mwaka wangu wa kwanza nilishikwa na malaria, nikalala siku tatu bila kwenda kazini. Siku ya pili alisukuma mlango bila kubisha, mkononi ana uji wa mtama. Aliuweka, akatazama kikombe changu kilichokaa bila kuoshwa, akanigombeza kwa ajili ya kikombe hicho mpaka nikaona aibu kuwa mgonjwa. Akakiosha. Akaja tena jioni, na kesho yake asubuhi. Nilipopona nikamshukuru, akaniambia nisimzoee.

Na lilikuwepo friji. Lilikuwa jeupe, refu, la zamani kidogo, limesimama katika jiko lake karibu na dirisha, na juu yake alitandika kitambaa alichofuma mwenyewe. Hakuuza soda wala maji baridi, ingawa majirani walimshauri afanye hivyo. Ndani yake aliweka mboga, maziwa, na kwenye rafu ya mlangoni, ndani ya kopo la plastiki, dawa ya mzee wa baiskeli. Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari, alichoma sindano asubuhi na jioni, na dawa yake ilitaka ubaridi. Chumbani kwake hakuwa na friji. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni alivuka uwanja polepole, akakohoa kwenye mlango wa jiko, na Mama Ploti akamtolea kopo. Jambo hilo lilikuwa limeendelea miaka, na hakuna kati yao aliyelizungumzia kama hisani.

Nasema haya ili ieleweke kwa nini umeme ulipoanza kukatika, Mama Ploti hakulichukua kama usumbufu wa kawaida.

Ilianza bila sababu yoyote tuliyoiona. Asubuhi, kabla watu hawajatoka kwenda kazini, tap, breka ikaanguka. Taa zikazimika, redio zikanyamaza. Mama Ploti akaja na buti zake, ubao wake na mwiko wake, akaipandisha. Jioni, tap. Kesho yake hivyo hivyo. Siku nyingine mara moja, siku nyingine mara tatu. Akamwita fundi wa umeme, kijana mwenye baiskeli na begi la vifaa, aliyepita chumba hadi chumba akipima soketi. Hakuona kitu. Alipoitwa mara ya pili akapendekeza afunge breka kubwa zaidi, isiyoanguka ovyo.

"Hapana," Mama Ploti akasema. "Hii ndogo inaanguka kwa sababu imesikia kitu. Ukileta kubwa, itanyamaza tu, halafu nyumba inaungua na sisi iko ndani."

Fundi akainua mabega, akaenda zake.

Wiki hiyo hiyo shida ilipoanza, chumba cha tano kilikuwa kimepata mpangaji mpya, mama mmoja fundi wa nguo aliyetoka ng'ambo, upande wa Congo. Alikuwa mtu mwenye kucheka kwa urahisi, mwimbaji wa kwaya, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu. Kitu chake pekee cha umeme, ukiacha taa, kilikuwa pasi, ambayo Mama Ploti alimruhusu kuitumia siku yoyote kwa sababu ndiyo kazi yake. Sasa watu walianza kuhesabu siku. Kabla hajaja, umeme ulikaa. Alipokuja, umeme unaanguka. Hakuna aliyesema kwa sauti kwamba ni kwa sababu ametoka ng'ambo, lakini nilisikia jinsi neno "huyu wa chumba cha tano" lilivyotamkwa kwenye bomba la maji.

Jumanne jioni Mama Ploti alivuka uwanja, akasimama mbele ya chumba cha tano. Mlango wangu ulikuwa wazi, nilisikia yote.

"Pasi yako inaangusha umeme yangu," akasema. "Kuna dawa ya mtu kwa friji. Ikiharibika, mtu anakufa. Jumapili utafute nyumba ingine."

"Mama, pasi yangu haina mubaya," fundi wa nguo akajibu. "Mutu aliniuzia mupya. Hata leo sijaiwasha."

"Jumapili."

"Na nguo za batu je? Kuna arusi. Kuna nguo za wasimamizi sita hapa, sijamaliza hata mikono. Minaenda nazo wapi?"

Mama Ploti aligeuka akarudi kwake, mikono nyuma. Nilimwona usoni alipopita mbele ya mlango wangu, na hakuwa na furaha ya mtu aliyeshinda.

Hapa lazima niseme jambo langu mwenyewe. Chini ya kitanda changu, ndani ya katoni ya vitabu, nilikuwa na birika la umeme. Nilikuwa nalo miezi mitano. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nililichomeka, nikafunika kwa taulo ili mlio wake usisikike, nikanywa chai yangu haraka kama mwizi. Na katika wiki zile mbili, breka ilianguka mara nne wakati birika langu likiwa linaanza kuimba. Mara nne. Sikuhitaji fundi wa kuniambia. Niliamini kabisa kwamba ni mimi.

Nililiacha birika. Jumatano sikulitumia, na asubuhi hiyo umeme haukukatika, nikazidi kuamini. Jioni ukakatika, lakini nilijifanya sikuona. Alhamisi ukakatika tena. Mtu mwenye akili angefikiri: birika limezimwa, umeme bado unaanguka, basi si birika. Lakini aibu haikuniruhusu kufikiri. Nilijiambia labda nimeshaharibu kitu ndani ya ukuta. Nikanyamaza. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa na heshima pale plotini, na kupata chumba kingine karibu na shule kulikuwa kugumu.

Jumamosi asubuhi nilipotoka kunawa uso nilimkuta fundi wa nguo amekaa kwenye baraza, anakunja vitambaa na kuvipanga ndani ya mfuko mkubwa. Vitambaa vya rangi ya machungwa, vya wasimamizi. Alikuwa anavikunja polepole, akinyoosha kila pindo kwa kiganja. Akaniona.

"Mwalimu, uko na kamba?" akaniuliza. "Nifunge hii cherehani. Mutu wa mukokoteni atakuja kesho."

Nikamwambia ngoja. Nikarudi ndani, nikatoa katoni chini ya kitanda, nikachukua birika. Sikulifunga kwa kitu chochote. Nikavuka uwanja nalo mkononi, waya unaburuta, watu wakinitazama, mpaka mlango wa jiko la Mama Ploti.

Alikuwa anachambua maharage. Akatazama birika, akanitazama mimi.

"Mama," nikasema, "anayeangusha umeme ni mimi. Si huyu mama wa chumba cha tano. Nimekuwa nalo tangu muda mrefu. Naomba yeye abaki. Mimi nitatoka."

Kiswahili changu chote cha chuo kilikuwa kimeniishia.

Akaweka ungo chini.

"Hiyo kitu iko na muda gani?"

"Miezi mitano."

"Umeme imeanza kuanguka lini?"

"Wiki mbili."

"Wewe iko mwalimu," akasema. "Hesabu."

Kabla sijamaliza kuhesabu alikuwa ameshasimama, amechukua birika kutoka mkononi mwangu, amelijaza maji, na anatoka nalo nje. Aliita watu wote wa ploti. Aliniambia nilichomeke kwenye soketi ya chumba changu, mlango wazi, kila mtu aone.

Nikachomeka. Tukasimama watu wapatao kumi tukitazama birika. Likaanza kunong'ona, likaimba, likatoa mvuke, likajizima lenyewe kwa mlio mdogo. Taa ya baraza iliendelea kuwaka. Mama Ploti akalichukua, akaenda kumimina maji kwenye buli, akatia majani ya chai na kuweka buli juu ya kigoda.

"Sasa pasi," akasema.

Fundi wa nguo akaleta pasi yake. Ikawashwa, ikapata moto, ikapigwa kwenye kipande cha kitambaa cha machungwa mpaka kikanyooka. Taa iliendelea kuwaka. Mama Ploti akataka birika na pasi viwashwe pamoja. Vikawashwa pamoja. Akataka redio zote. Ploti nzima ikalia kama soko, siku ambayo si ya mechi, na breka haikutikisika. Kisha akaamuru kila kitu kichomolewe, akapita chumba hadi chumba, akichomeka kimoja, akisubiri, akichomoa, akienda kwa kingine. Alifanya hivyo kwa utulivu, bila kuruka hata chaja ya simu. Saa nzima ikapita. Hakuna kilichoangusha umeme.

Tulimaliza na chumba cha tano. Kila mmoja wetu alikuwa ameona kwamba imebaki nyumba moja tu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitazama.

Mzee wa baiskeli ndiye aliyekohoa.

"Mama," akasema, "iko ingine moja."

"Ile iko na dawa yako ndani," Mama Ploti akajibu.

"Najua." Mzee aliangalia chini. "Mimi naona kitu, lakini napata haya ya kusema. Kila mara mimi nakuja kuchukua dawa, kabla nafika kwangu, umeme inakwenda. Asubuhi, jioni. Juzi Jumatano asubuhi sikuja, nilichelewa mpaka saa tano, na umeme ilikwenda saa tano."

Jumatano asubuhi. Niliikumbuka vizuri. Asubuhi ambayo mimi niliihesabu kuwa ushahidi dhidi yangu.

Mama Ploti akaingia jikoni kwake, sisi tukasimama mlangoni. Friji lilikuwa linanguruma kama kawaida. Akalifungua, akatoa kopo la dawa, akaliweka ndani ya mtungi wa maji uliokaa kivulini, akaufunika kwa kitambaa kibichi. Kisha akaufunga mlango wa friji kama alivyokuwa akiufunga siku zote, kwa kuusukuma kwa nyonga. Friji likainama nyuma kidogo, likagusa ukuta, likarudi.

Tap.

Ngurumo ya friji ikakatika. Kwenye baraza taa ikazimika.

Alisimama pale, mkono mmoja ukiwa umeinuka hewani, hajui auweke wapi. Kisha akachomoa plagi kwa kutumia kitambaa kikavu, akatuita mimi na mume wa mama wa chumba cha tatu tulivute friji kutoka ukutani. Nyuma yake kulikuwa na vumbi, mabua, na kinyesi cha panya. Waya wa friji ulikuwa umetafunwa karibu na mahali unapoingia kwenye mwili wa friji. Shaba yake ilikuwa nje, inang'aa, urefu wa kucha. Friji likisukumwa nyuma, waya ulibanwa, na shaba ikagusa bati; likirudi mbele, shaba iliachia.

"Kwa hiyo bati yote ilikuwa na umeme," mzee akasema taratibu.

"Ndiyo," nikasema. "Ila breka ilikuwa inakata papo hapo."

Mama Ploti aliangalia miguu yake. Hakuwa na buti wala ndara. Jikoni kwake alitembea bila viatu, na kila asubuhi na kila jioni alikuwa amelisukuma friji lile kwa nyonga yake. Akakaa kwenye kigoda. Nilidhani ataanguka, nikamshika bega, naye hakuuondoa mkono wangu.

"Na mimi nilikuwa natukana hiyo breka," akasema. "Kila siku natukana."

Kisha akainuka, akatoka, akavuka uwanja mpaka chumba cha tano. Alisimama mbele ya fundi wa nguo, na safari hii mikono haikuwa nyuma.

"Si pasi. Si birika. Iko friji yangu," akasema, kwa sauti ambayo watu wote wangeisikia. "Mimi natafuta kwa nyumba ya watu, kwangu sitafuti. Nimekukosea. Usitoke."

Fundi wa nguo alifunika mdomo kwa kitambaa cha machungwa. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Mama, hakuna neno," akasema. "Hakuna neno kabisa. Nilikuwa sijapata hata nyumba."

Tukanywa ile chai, iliyokuwa imepoa. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, na nilikuwa tayari nimeanza kufikiri kwamba mambo yangu yamekwisha vizuri, Mama Ploti aliponiita pembeni na kunirudishia birika.

"Birika haina makosa," akasema. "Lakini tangu Jumanne mpaka leo, hesabu wewe. Huyu mama alikuwa anafunga mizigo, na wewe ulikuwa unajua kitu, au unafikiri unajua. Hiyo siku zote iko yako. Enda umwambie mwenyewe."

Nilikwenda. Ilikuwa ngumu kuliko kuvuka uwanja na birika. Fundi wa nguo alinisikiliza mpaka mwisho, uso wake umetulia, hacheki. Kisha akasema, "Mwalimu, ungesema Jumanne ningelala," na akarudi kwenye mikono ya zile nguo. Wiki iliyofuata alinishonea shati. Nililivaa mpaka kola ikaisha.

Fundi wa umeme alikuja kubadilisha waya. Mama Ploti alikaa nyuma yake na kigoda chake, akamuuliza maswali mpaka jasho likamtoka. Sheria ya birika ilibadilika pia, ingawa hakuitangaza. Siku moja tu aliniambia nitoe taulo, kwamba chai ya kufichwa inachacha.

Niliondoka Onduparaka nilipopata uhamisho, na baadaye nikasikia kwamba ploti ameiachia familia yake, yeye amehamia kwa binti yake huko Midia, upande wetu wa Koboko, karibu na mpaka. Kwa miaka kadhaa sikumwona. Halafu mwaka huu, nikiwa nyumbani Abuku kwa likizo, mtu aliyetoka soko la Koboko akaniambia kwamba yule mama mrefu wa Arua macho yamekufa, haoni tena, anashikwa mkono kupelekwa msalani. Habari hiyo ilinikaa vibaya. Sikuweza kumfikiria mtu yule akishikwa mkono. Siku mbili niliahirisha safari, nikiogopa nitakachokuta. Siku ya tatu nikakodi bodaboda.

Nilimkuta uwanjani kwa binti yake, asubuhi, anapepeta simsim, yaani ufuta. Alikuwa ameinama juu ya mkeka, ungo mkononi, amekonda zaidi, nywele nyeupe zote. Nilisimama mbali kidogo. Aliinua uso, akanitazama, nami nikasita, sijui kama anaona mtu au kivuli.

"Mwalimu," akasema. "Kwa nini unasimama kwa jua? Na hiyo tumbo umeitoa wapi?"

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Alinieleza mwenyewe, huku akinipa ungo wa pili bila kuniuliza kama ninataka kufanya kazi. Ni kweli macho yalikuwa yamezibwa, mwaka mzima. Binti yake akampeleka kwa madaktari wa macho waliokuja Koboko. Wakamtoa utando, jicho moja kwanza, baadaye la pili. Walipofungua bandeji, mtu wa kwanza aliyemwona alikuwa muuguzi mwenye mwanya. "Nikamwambia, dada, wewe iko mzuri," akasema. "Akafikiri natania. Mimi nilikuwa sijaona meno ya mtu kwa mwaka."

Tulipepeta mpaka jua likawa juu ya kichwa. Simsim ilianguka mkekani, makapi yakachukuliwa na upepo kuelekea shamba la mihogo. Aliongea kidogo. Mara kwa mara alisimama, akainua uso na kutazama mbali, kwenye vilima vya upande wa mpaka, bila haraka, kisha akarudi kwenye ungo.

Nilipoaga, alisema atanisindikiza mpaka barabarani. Binti yake alitaka kuja pia, akamkataza. Tulitembea njia nyembamba kati ya mihogo, yeye mbele, mimi nyuma, akinitajia kila alichokiona: mbuzi aliyefungwa vibaya, mwanamke wa ng'ambo ya bonde aliyeanika nguo za bluu, bati jipya la kanisa. Nilitazama alikoelekeza na mara nyingine sikuona kitu.

Barabarani tukasimama kusubiri. Kulikuwa na vumbi tu, na kwa mbali kabisa, mahali barabara inaposhuka, nukta nyeusi iliyokuwa inasogea. Sikuweza kujua kama ni pikipiki au ng'ombe.

Mama Ploti akaweka kiganja juu ya nyusi.

"Hiyo inakuja haina mtu nyuma," akasema. "Panda hiyo."

Tukangoja. Pikipiki ikakua, ikatoka kwenye vumbi, ikatufikia. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.